Pedali laini baada ya kubadilisha pedi na mafuta ya breki: jinsi ya kutafuta chanzo

Gari liliingia gereji likiwa na pedi zilizokwisha lakini pedali yake ikiwa ngumu. Limetoka na pedi mpya, mafuta mapya, na pedali inayodidimia kama mguu umekanyaga godoro. Mwenye gari hushangaa, na ana haki ya kushangaa. Jibu analopewa karibu kila mahali ni moja: bado kuna upepo, yaani hewa ndani ya mabomba ya breki. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Ubaya wake ni kwamba hutolewa kabla mtu hajaikagua pedali yenyewe, na matokeo yake ni fundi kufungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) mara ya pili, ya tatu na ya nne, akimaliza chupa za mafuta na wakati mwingine akiiua masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) iliyokuwa nzima, huku chanzo kikiwa kwenye kiatu cha breki ya nyuma au kwenye pedi iliyokaa upande.

Mwongozo huu unaanza na pedali, kisha unakwenda kwenye magurudumu. Mfano unaotumika ni gari dogo lenye usukani wa kulia, diski mbele na dramu nyuma, kama Toyota Probox na ndugu zake wanaoingia Tanzania na Kenya wakiwa wametumika Japani. Pale ambapo pikapu, Hiace au gari lenye diski nne linatofautiana, itaelezwa. Jambo moja halina tofauti kwa gari lolote: mpaka chanzo kijulikane, gari lisiendeshwe hata kwa kulitoa nje ya geti.

Kwanza, hesabu ndogo

Breki za gari dogo hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno cha mafuta, na asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini kosa dogo humfikisha mguu sakafuni. Chukua masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22.2, yaani inchi 7/8. Kila pistoni yake inaposogea milimita moja, husukuma mafuta yasiyofika nusu mililita: ni kama mililita 0.39. Pedali nayo ni wenzo. Ikiwa inazidisha nguvu ya mguu mara tano, basi mguu unashuka milimita tano ili pistoni ya masta isogee milimita moja.

Sasa chukua kalipa ya mbele, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 54. Wakati wa kufunga pedi mpya pistoni hurudishwa ndani, na baada ya kufunga hubaki pengo kati ya pedi na diski. Pengo la milimita 2 pekee linahitaji mililita 4.6 za mafuta ili lifungwe, na kwa kalipa mbili ni zaidi ya mililita 9. Ukirudi kwenye masta silinda, kiasi hicho ni sawa na mguu kushuka karibu milimita 120, yaani karibu safari yote ya pedali. Kwa hiyo mkanyago wa kwanza baada ya kubadilisha pedi lazima ufike chini. Usipofika chini ndipo ushangae.

Hewa nayo ina hesabu yake. Mafuta hayabonyei kwa kiwango ambacho mguu unaweza kukihisi, lakini hewa hubonyea karibu yote mara tu mkandamizo unapopanda. Mililita moja ya hewa, ambayo ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai, inaongeza takriban milimita 13 kwenye safari ya pedali. Viputo vitatu vya ukubwa huo vilivyojificha katika magurudumu tofauti vinatosha kulifanya gari lisiaminike.

Kuisoma pedali

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita ili kuumaliza mvuto uliobaki kwenye busta, kifaa kinachousaidia mguu kwa mvuto wa injini. Kisha chukua rula au kipande cha kijiti na upime umbali kati ya pedali na sakafu. Wengi hupuuza kipimo hiki kwa kuona mguu unatosha, lakini mguu uliochoka kutoa upepo tangu asubuhi si kipimo.

Kanyaga mara moja kwa nguvu ya kawaida na uangalie inaposimama. Iache nusu dakika, kisha kanyaga mara tatu haraka haraka na uone kama inasimama juu zaidi. Iache tena, na safari hii ikanyage na kuishikilia kwa uzito uleule kwa dakika nzima, ukiangalia kama inateremka taratibu. Mwisho, ukiwa bado umeikanyaga, washa injini. Pedali itashuka kidogo na kusimama. Kushuka huko ni kazi ya busta wala si ugonjwa, ingawa nimewaona watu wakibadilisha masta silinda kwa sababu ya "pedali ngumu injini ikizimwa, laini ikiwashwa". Busta iliyokufa huifanya pedali iwe ngumu kama jiwe. Haiwezi kuifanya laini.

Majibu ya majaribio haya ndiyo yanayoamua uende wapi. Pedali iliyopanda kwa kukanyaga na kubaki juu siku nzima haina ugonjwa. Pedali inayopanda kwa kukanyaga haraka, kisha ikirudi chini baada ya kupumzika, ina hewa au ina pengo mahali fulani. Pedali inayoteremka chini ya mguu ulioishikilia ina mvujo, wa nje au wa ndani. Na ile iliyo nzuri asubuhi lakini ikalegea baada ya mteremko mrefu, mafuta yake yanachemka.

Inapanda kwa kukanyaga haraka, inarudi chini ikipumzika, na inadunda

Neno la kuangalia hapa ni kudunda. Pedali yenye hewa haina mwisho unaoeleweka: ukiongeza nguvu inaendelea kuzama, ukipunguza inausukuma mguu juu kama chemchemi. Kama inasimama chini lakini ikisimama ni kama imegonga ukuta, ruka sehemu hii na usome inayofuata, kwa maana kutoa upepo hakutakusaidia.

Hewa huingia kwa njia chache. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni tanki la mafuta ya breki kukauka wakati wa kazi. Tanki hilo ni dogo, na anayetoa upepo peke yake husahau kurudi kuliangalia. Likikauka mara moja, kazi yote inaanza upya kuanzia kwenye masta. Njia ya pili ni mawasiliano mabaya kati ya anayekanyaga na anayefungua nipeli. Anayekanyaga ashushe pedali taratibu na kusema "imefika", na asiinue mguu hadi asikie "nimefunga". Akiinua kabla, kalipa inavuta hewa kupitia mrija uleule uliotumika kuitoa.

Utaratibu wa magurudumu una maana yake. Kwenye gari la usukani wa kulia, masta silinda iko upande wa kulia, kwa hiyo gurudumu la mbali zaidi ni la nyuma kushoto, linafuata la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Mafundi waliofunzwa kwa vitabu vya magari ya usukani wa kushoto huanzia nyuma kulia, na kwa kweli tofauti hiyo peke yake haiwezi kuacha pedali laini. Magari ambayo mabomba yake yamegawanywa kimshazari, gurudumu la mbele upande mmoja na la nyuma upande mwingine, huwa na utaratibu wake katika kitabu cha gari, na kitabu ndicho kifuatwe.

Kama kalipa zilifunguliwa kabisa, tazama nipeli imekaa wapi. Ni lazima iwe sehemu ya juu ya kalipa, kwa kuwa hewa hupanda. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, na kwenye magari mengi inaingia bila shida yoyote, nipeli huishia chini na hewa hubaki juu ya pistoni milele, hata ukimwaga lita tatu za mafuta. Hili ni kosa la dakika moja ambalo limewahi kunigharimu alasiri nzima, na niliyemlaumu wakati wote huo alikuwa muuza mafuta.

Anayetumia pampu ya kuvuta kutoka kwenye nipeli ajue kwamba viputo vingine ni vya uongo. Nipeli ikilegezwa, hewa ya nje hupenya kwenye nyuzi zake na kuonekana ndani ya mrija kana kwamba inatoka kwenye breki. Viputo hivyo haviishi. Paka grisi kidogo kuzunguka nyuzi, kwa nje tu, au maliza kazi kwa njia ya kukanyaga ili kupata uhakika.

Pikapu na baadhi ya Hiace zina vali inayopima mzigo, iliyounganishwa kwa wenzo au springi na ekseli ya nyuma. Gari likiinuliwa kwa jeki chini ya chesisi, ekseli inaning'inia, vali inadhani gari halina mzigo, na inabana mafuta ya nyuma. Mafuta yanatoka kwa unyonge na hewa inabaki. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe ili springi zibebe uzito, na uangalie kama vali hiyo ina nipeli yake, kwa maana nyingine zinayo na husahaulika.

Kuhusu ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame breki zinapofungwa ghafla, ikiwa tanki halikukauka, kwa kawaida hewa haiingii kwenye kitengo chake na kutoa upepo kwa njia ya kawaida kunatosha. Ikiwa lilikauka, hewa inaweza kukwama ndani ya vali ambazo hazifunguki hadi kompyuta iziamuru. Hapo inahitajika mashine ya kupimia gari yenye uwezo wa kuiendesha pampu ya ABS wakati nipeli iko wazi. Kufunga breki ghafla kwenye barabara ya vumbi ili ABS "ijitoe upepo yenyewe" ni ushauri unaotembea sana gerejini. Una mantiki kidogo, lakini unamtaka mtu aliendeshe gari ambalo tumeshakubaliana halifai kuendeshwa.

Inasimama chini, lakini ikisimama ni ngumu

Hapa hakuna hewa. Kuna pengo ambalo mafuta lazima yalifunge kila mara kabla breki hazijashika, na ukikanyaga mara mbili au tatu pengo linafungwa kwa muda.

Anza nyuma. Gari lenye dramu linapokuja kubadilishwa pedi za mbele, viatu vya nyuma huwa havikuguswa kwa muda mrefu, na kirekebishaji chake mara nyingi kimekwama kwa kutu na vumbi. Kabla ya kazi pedali ilikuwa chini tayari, ila mwenye gari aliizoea. Baada ya kazi anaigusa kwa mara ya kwanza akiwa na mashaka. Jaribio lake ni rahisi: vuta breki ya mkono kwa nguvu, kisha kanyaga pedali. Kama imepanda waziwazi, viatu viko mbali na dramu. Virekebishe mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono likikwaruza kidogo tu, kisha urudie jaribio. Katika magari niliyoyaona yakiletwa na malalamiko ya "upepo usioisha", dramu za nyuma zimekuwa na hatia kuliko kitu kingine chochote.

Kwa gari lenye diski nyuma na breki ya mkono ndani ya kalipa, pistoni hairudi kwa kusukumwa bali kwa kuzungushwa huku ikibanwa. Ikisukumwa kwa nguvu, utaratibu wa ndani unaharibika. Na hata ikizungushwa vizuri, zile nafasi zilizo kwenye uso wake lazima zielekezwe ili kichomozo cha nyuma ya pedi kiingie humo. Kisipoingia, pedi inakaa juu ya kichomozo kama meza yenye mguu mmoja mrefu, na pedali haitapanda hadi pedi ikae sawa.

Mbele, toa pedi na uzitazame upya. Je, masikio yake yanateleza kwenye vishikizo, au yamegongewa kwa nyundo kwa sababu ya kutu na rangi? Je, kipande chembamba cha chuma cha nyuma ya pedi kimekaa mahali pake, au kimejikunja? Pini za kuteleza za kalipa nazo zitolewe, zifutwe na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyoharibu mpira. Pini iliyokwama huifanya kalipa ijipinde badala ya kuteleza, na kujipinda huko mguu unakuhisi kama ulaini.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani gari likiwa limesimama. Diski iliyopinda, au beringi ya gurudumu iliyolegea, huzisukuma pedi nyuma kila gari linapotembea, hivyo pedali inakuwa nzuri gerejini na chini barabarani. Pistoni ikirudishwa milimita 0.3 tu kwenye gurudumu moja, pedali inashuka milimita 9 hivi. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Kama linacheza, shughulikia beringi kwanza. Na kama diski ilitolewa, hakikisha uso wa habu ulisafishwa kutu kabla ya kuirudisha, maana gamba dogo la kutu katikati linakuwa kubwa ukingoni mwa diski.

Inateremka taratibu chini ya mguu

Chukua tochi. Kagua kila nipeli, kila kiungo cha bomba, mipira yote minne inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, ndani ya vifuniko vya vumbi vya kalipa, na ndani ya dramu. Kwa dramu, inua ukingo wa kifuniko cha silinda ya gurudumu: kukiwa na unyevu hapo, silinda hiyo imekwisha. Kama bomba la kalipa lilifunguliwa, washa ya shaba iliyo pande mbili za kiungo inapaswa kuwa mpya. Usisahau nyuma ya masta silinda, pale inapokutana na busta. Mafuta yanayovuja hapo huingia ndani ya busta na hayaonekani chini ya gari hata tone.

Kama kote ni pakavu na kiwango cha tanki hakishuki, mafuta yanapita ndani ya masta yenyewe, kutoka mbele ya raba kurudi nyuma yake. Na hapa ndipo kazi ya kutoa upepo inapougeuka mkono ulioifanya. Katika matumizi ya kila siku, pistoni za masta husafiri sehemu tu ya silinda. Sehemu ya mbele, isiyofikiwa kwa miaka, hukusanya kutu na uchafu. Siku ya kutoa upepo mguu unaikanyaga pedali hadi sakafuni mara thelathini, raba zilizozeeka zinapita juu ya ukwaruzo huo, na zinachanika. Kinga yake ni kipande cha ubao kilichowekwa chini ya pedali ili isifike mwisho. Kama mtu hakuweka ubao na sasa pedali inateremka, kutoa upepo zaidi ni kuzidisha madhara.

Ili kuwa na uhakika kabla ya kununua masta, fungua mabomba yanayotoka kwenye masta na uzibe matundu kwa vizibo vya shaba vyenye nyuzi sahihi. Masta nzima itasimama juu na ngumu, bila safari karibu yoyote. Ikiteremka, tatizo ni lake. Ikisimama imara, rudisha mabomba, toa upepo kwenye viungo hivyo, kisha bana mipira ya magurudumu mmoja baada ya mwingine kwa kibanio chenye midomo laini. Gurudumu ambalo mpira wake ukibanwa pedali inapanda, ndilo lenye kosa. Usitumie koleo la meno. Unaweza kuupasua uzi wa ndani wa mpira na kuongeza kosa jingine juu ya lile unalotafuta. Mipira iliyozeeka sana isibanwe kabisa, ibadilishwe. Kwa kweli mipira hiyo yenyewe inaweza kuwa chanzo: mwambie mwenzako akanyage kwa nguvu huku wewe umeushika mpira kwa vidole, na ukiuhisi unavimba, umeshapata sehemu ya jibu.

Nzuri asubuhi, laini baada ya mteremko

Anayeteremka Kitonga kuelekea Mikumi, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, akitegemea breki badala ya gia, huzipasha kalipa joto kali. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya na makavu hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Yakichemka, mvuke unakuwa kama hewa, na pedali inazama. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapona, kwa hiyo fundi anayelikagua gari kesho yake haoni kitu.

Mtu atauliza: mafuta si yamebadilishwa? Uliza yalikuwa kwenye chupa gani. Chupa iliyofunguliwa miezi sita iliyopita na kuachwa rafuni, katika unyevu wa Tanga au Mombasa, ina mafuta yaliyokwisha kunywa maji kabla hayajaingia kwenye gari. Uliza pia kama yalibadilishwa mpaka kwenye magurudumu, au kama tanki lilinyonywa na kujazwa upya tu. Ya pili ni ya haraka, na huacha mafuta ya zamani pale pale yanapopata joto. Gurudumu ambalo halipoi, kwa sababu pistoni au pini imekwama, litachemsha hata mafuta mazuri. Pitisha mkono karibu na rimu baada ya safari fupi, bila kugusa, na ulinganishe kushoto na kulia.

Kama si mafuta ya breki

Mafundi wengi huyaita oili ya breki, na jina hilo limesababisha hasara, kwa sababu si oili. Oili ya injini, ya gia au ya usukani ikiingia humo, raba zote zinavimba na kulainika. Dalili huanza na pedali ya ajabu, mara laini mara inang'ang'ania, kisha magurudumu yanabana yenyewe, na kifuniko cha tanki kinaonekana raba yake imejikunja na kuwa kubwa kuliko nafasi yake. Nyonya kidogo kutoka kwenye tanki na udondoshee kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji, ilhali oili inaelea. Yakielea, usitoe upepo. Kila kitu chenye raba kinapaswa kubadilishwa, yaani masta, kalipa au sili zake, silinda za nyuma, mipira na kitengo cha ABS kama kipo, na mabomba ya chuma yaoshwe. Ni gharama kubwa, na hakuna njia ya mkato. DOT 5 ya silikoni nayo haichanganyiki na maji wala na DOT 3 au DOT 4. Isichanganywe na DOT 5.1, ambayo licha ya jina ni ndugu wa DOT 4.

Ulaini mdogo ambao ni wa kawaida

Pedi mpya hazijalingana na uso wa diski ya zamani yenye mifereji. Zinagusa kwenye vilele tu, na mpaka zikae, pedali huwa na ulaini kidogo na breki hushika kwa uvivu. Kama majaribio yote yamepita, tafuta barabara tupu, piga mwendo wa kilomita 60 kwa saa, punguza taratibu hadi 15 bila kusimama kabisa, na urudie kama mara kumi ukiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine. Baada ya hapo usisimame mahali pamoja huku ukiwa umekanyaga breki zikiwa na moto. Kama pedali imeimarika, kazi imekwisha. Kama haikubadilika hata kidogo, rudi kwenye pini na vishikizo vya kalipa, na uangalie pedi zenyewe: pedi bandia nyingine zina mgongo mwembamba unaopinda, na ukizilinganisha kwa jicho na za zamani, unene wa chuma utakuambia.

Kabla ya kumkabidhi mwenye gari ufunguo, rudisha rula pale ulipoanza. Andika umbali wa pedali kutoka sakafuni injini ikiwa imezimwa, na uweke alama ya kalamu kwenye kiwango cha mafuta tankini. Futa kila nipeli iwe kavu na uifunike kwa kofia yake, na osha kwa maji mengi popote mafuta yalipodondokea kwenye rangi, kwa sababu yanaibandua. Gari lilale. Asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia alama ya tanki, pitisha kidole chini ya kila nipeli, na ukanyage mara moja tu: mkanyago huo wa kwanza wa asubuhi, kabla mguu haujapata nafasi ya kuisaidia pedali kupanda, ndio utakaolinganishwa na namba uliyoandika jana.